Taa ya Tano

Kwako dada yangu mkubwa,

Shikamoo dada. Hujambo huko? Mgongo wako unaendeleaje, ule unaokusumbua ukisimama sana kazini? Na mumeo je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tupo. Kaka mzima, pikipiki nzima, na mimi mzima, chakula kinapita. Nimeona nikuulize yote haya mapema, maana nikishaanza yale mengine sitapata tena nafasi ya kuulizia mgongo.

Barua hii nimeiweka chini kabisa ya mfuko wa nepi, katikati ya zile za kitambaa. Usishangae. Kaka atasafiri na huo mfuko siku nzima kwenye basi lakini hataingiza mkono humo hata mtoto alowe mpaka shingoni. Nepi kwake ni kazi ya wanawake na yangu. Kwa hiyo atakayeifungua ni wewe, na ukiifungua mtoto atakuwa yupo hapo karibu yako, pengine umempakata.

Basi kwanza habari za mtoto, usije ukahangaika. Maziwa anataka ya uvuguvugu, ya baridi anatema. Kofia usimvalishe, ataitupa. Akitaka kulala anashika sikio, siyo lake, la mtu aliyembeba, kwa hiyo vua hereni. Sasa hivi gego linaota ndiyo maana analialia, siyo kwamba ana tabia mbaya. Kutembea anatembea, ila akiona mtu anamtazama anakaa chini. Hapo tumefanana.

Dada, mimi si mtu wa maneno, unanijua. Hata ukipiga simu ukaomba kuongea na mimi nasema ndiyo, ndiyo, halafu namrudishia kaka. Lakini karatasi hainitazami mdomoni. Shule niliishia la tatu. Kaka hupenda kuwaambia abiria wake kwamba hata jua kila siku linafika saa saba, mimi nilikwama la tatu. Hii mistari unayoiona imenyooka nilifundishwa na shemeji, mke wa kaka, pale mezani mchana mtoto akilala. Makosa yaliyobaki ni ya kwangu.

Ule ujumbe wa sauti uliotuma baada ya kaka kukueleza mambo, aliufungulia uani kwa sauti yote. Tuliusikia sote, mpaka mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara alisimamisha cherehani. Ulisema mwanamke anayegawa umeme wa mumewe mchana hashindwi kugawa na vingine, na kwamba mtoto asikulie kwenye mikono ya namna hiyo, aletwe kwako. Kaka aliurudia mara tatu. Sikulaumu. Mtu huongea kwa alichoambiwa. Ila mimi nilikuwepo kila siku, kwa hiyo acha nikueleze ilivyokuwa.

Zile sola za kukunja ulizotununulia zilipofika, kaka alifurahi kama mtoto. Alikuwa amechoka kupanga foleni kwenye kituo cha kuchajia pikipiki za umeme na wenzake wanachukua abiria. Paneli nne, unazifungua kama begi, unaziegemeza kwenye miguu yake, unachomeka waya, betri inajaa nyumbani. Betri moja inakuwa kwenye pikipiki, nyingine inabaki uani inakula jua, jioni anabadilisha. Kazi ya kuzigeuza ikawa yangu. Asubuhi zinatazama lango, saa sita zinalala karibu chali, alasiri zinatazama ukuta wa choo. Nafuta vumbi, nasogeza, nakaa, nasogeza tena. Betri ina taa tano za kijani ubavuni. Ikifika jioni zote tano ziwe zinawaka, hapo kaka ananyamaza. Kwake kunyamaza ndiyo kushukuru.

Siku moja shemeji alikuwa anaanika nguo, mama mshonaji yuko langoni. Akanitazama navyozunguka na zile paneli, akacheka, akamwambia mwenzake kwamba huyu shemeji yake ni alizeti, jua likienda huku na yeye huyo. Alicheka vizuri tu, bila ubaya. Lakini mama mshonaji ana mdomo mpana kuliko duka lake. Kufika jioni watoto wa barabarani wanaimba. Alizeti, jua liko wapi? Kaka akalichukua, akawa ananiita hivyo mbele ya abiria. Nikienda dukani kununua chumvi muuzaji ananiuliza leo kutanyesha? Miezi saba dada, jina langu sikulisikia.

Sasa mwezi uliopita betri ikaanza kugoma kujaa. Inafika taa ya nne, ya tano haiwaki. Siku ya kwanza nikamwambia kaka ni mawingu. Ya pili nikasema vumbi. Ya tatu jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wa jirani kalala ndani ya karai, nikawahi kulala kabla hajarudi. Siku ya nne kaka alikuwa amempakia nesi anayemwahi mgonjwa, pikipiki ikamzimikia katikati ya mlima. Nesi akashuka, akapanda kwa miguu, akamwambia aisukume taratibu asije akapata mshtuko wa moyo na yeye. Madereva wenzake walikuwa wamekaa pale juu wanaangalia. Kaka alisukuma mpaka nyumbani, na njia nzima hakuna aliyemwonea huruma.

Akampigia fundi. Fundi akamwambia apeleke betri zote mbili kituoni azijaze. Zikajaa, taa tano. Basi betri hazina shida, fundi akasema, na kwa jua hili lazima zijae hata nyumbani, labda kama kuna mtu mnagawana naye. Alisema kama mzaha. Kaka hakucheka.

Akavuka barabara kwa mama mshonaji kumuuliza kama mchana huwa kuna mtu anakuja kwetu. Mama mshonaji akasema yeye si mtu wa kufuatilia ya watu, lakini kuna siku alimwona Honi anaingiza pikipiki yake ndani. Honi ni dereva mwenzake, na yeye ana ya umeme. Wanamwita hivyo kwa sababu hawezi kupita mlango wowote bila kupiga honi. Ni mtanashati, ana jino moja la dhahabu.

Jioni ile kaka aliniita mezani. Dada, wewe hujui, lakini mimi huwa nakula uani, kwenye kigoda, na kulala nalala stoo na betri. Siku hiyo alinivutia kiti. Akanimegea nyama kutoka kwenye sahani yake. Shemeji amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, hajui kinachokuja, anatabasamu kwa sababu ni mara ya kwanza kaka ananikalisha pale.

Kaka akaniuliza, "Honi alikuja hapa?"

Nikasema, "Alikuja."

Tabasamu la shemeji lilikawia kuondoka, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Kaka akaniuliza kama aliingia na pikipiki yake mpaka uani. Nikasema aliingia. Akaniambia nile.

Nilikula. Nyuma yangu nilisikia yote. Shemeji alisema Honi alikuja mara moja tu, chaji imemwishia, akaomba aunge nusu saa, na yeye akamkatalia. Alimwambia mwenye mali hayupo na asisimame tena kwenye lango hili. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Nilikuwepo, nilikuwa nafuta paneli ya pili. Honi aliomba maji, akanywa akiwa amesimama, akasukuma pikipiki yake akatoka. Kaka akamwambia kama ni kweli kwa nini hakusema siku hiyohiyo. Shemeji akajibu kwamba hakusema kwa sababu hakikuwa kitu. Akanigeukia, akasema, shemeji si ulisikia? Kaka akampiga kofi kabla sijafungua mdomo. Na sijui kama ningeufungua.

Asubuhi alimtoa. Alimpa gunia lililobebewa mkaa, akamwambia aweke vyake humo. Shemeji alilikung'uta kwanza, lakini nguo zilitoka nyeusi hivyohivyo. Mtoto alikuwa bado ananyonya usiku kwa hiyo kaka akamruhusu aende naye kwa muda. Barabara nzima ilitoka nje. Madereva kwenye kona walishampatia jina, walimwita Chaja. Mmoja alimuuliza kama na yeye anaweza kupita amuunge. Shemeji alipita katikati yao na gunia kichwani, mtoto mgongoni anapungia watu mkono, maana alikuwa amefundishwa karibuni kupunga.

Siku tatu baadaye alirudi, saa sita mchana, kaka hayupo. Hakuingia. Alisimama nje ya lango kwenye jua, mimi uani. Hakunitukana, dada. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Aliongea taratibu, akaniambia haombi nimtetee, haombi niseme yeye ni mwema. Akasema, "Sema tu nilimfukuza. Neno moja hilo. Mengine nitajisemea mwenyewe."

Mimi nilitazama chini, nikaona kivuli cha paneli kimehama. Nikainuka nikaenda kuzigeuza. Nilizigeuza zote nne, moja moja, nikafuta na vumbi. Nilipomaliza hakuwepo.

Kikao cha wazee ulikisikia juujuu. Tulikaa kwa baba mkubwa, upande wao na upande wetu. Baba mkubwa akaniuliza nilimwona yule mtu, nikasema ndiyo. Aliingia uani? Ndiyo. Hakuna aliyeniuliza aliondokaje. Shemeji akanyoosha mkono akaomba niulizwe swali moja zaidi, na alinitaja kwa jina langu la kuzaliwa, mara ya kwanza toka aolewe. Baba mkubwa akamwambia mwanamke aliyeitwa kujibu haulizi.

Halafu kaka akatoka nje, akarudi amebeba betri, akaiweka mezani juu ya kitambaa kizuri cha mama mkubwa. Akawaambia wazee sola ni zilezile, jua ni lilelile, anayegeuza ni yuleyule, kilichopungua nyumbani ni mtu mmoja. Akabonyeza kitufe cha ubavuni. Taa tano. Akasema tangu mwanamke huyu aondoke inajaa kila siku, siku kumi mfululizo, na kama kuna mtu hajaona vizuri asogee. Wazee walisogea kweli, wengine wakavaa miwani. Baba mdogo alibonyeza tena mwenyewe.

Baba yake shemeji ni fundi mwashi, mzee wa mikono mikubwa. Alizitazama zile taa mpaka zikazima. Akasema, "Kama betri imesema, mimi niseme nini?" Akainuka, akavaa kofia, akatoka. Hakumngoja binti yake.

Wakaamua mtoto arudi kwa baba, na baba amlete kwako. Kaka alimfuata juzi ya wiki iliyopita, akanichukua mimi nimbebe. Shemeji alikuwa amemwogesha, amemvalisha, viatu miguuni. Aliniambia habari za maziwa, na sikio, na gego, mambo yote niliyokuandikia pale juu ni maneno yake. Alinipa kwa mpangilio kama anayeagiza dukani. Mtoto aliponishika sikio shemeji akaingia ndani akafunga mlango. Kaka aliwasha pikipiki. Unajua ile haina mlio. Tulisikia kila kitu kilichokuwa nyuma ya ule mlango.

Sasa dada, nakuomba uketi.

Betri haikugoma kwa sababu ya Honi, wala ya mtu. Niliangusha paneli. Nilikuwa naihamisha alasiri, binti wa mama mshonaji akaniita lile jina kutoka ng'ambo na wenzake wakacheka, nikageuka haraka, mguu ukanasa kwenye waya. Ikaanguka kwa mgongo kwenye ngazi. Kioo hakikupasuka, hata mchubuko hakuna. Nikaifuta nikairudisha mahali pake. Jioni taa ya tano haikuwaka, nikajua. Kumwambia kaka niliogopa. Unajua mkono wake, na wewe ulikua nao.

Siku aliyotoka shemeji, kaka akiwa kazini, nilifunga ile paneli kwenye shuka nikaipeleka kwa fundi redio, mtaa wa nyuma kabisa ambako hatujulikani. Akafungua kijiboksi cheusi kilicho mgongoni mwake. Waya mmoja ulikuwa umechomoka. Akayeyusha risasi kidogo, akaugandisha, akafunga. Robo saa, dada. Alikuwa anakunywa chai na ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Jioni hiyo taa zikawaka tano. Kwa hiyo ile betri iliyosema mbele ya wazee, niliyeifundisha kusema ni mimi.

Ungeweza kudhani niliitengeneza ili mambo yaishe. Hata mimi nilijiambia hivyo njiani. Lakini nilijua. Shemeji akiwa ameondoka na taa bado ni nne, kaka angeanza kutafuta sababu nyingine, na nyumbani tulibaki wawili tu.

Na woga haukuwa peke yake. Jioni ya kwanza ulikuwa woga. Baada ya hapo kaka aliacha kuniita Alizeti. Aliwaambia madereva mimi ndiye mwanaume pekee anayemwamini, wakaacha kuniimbia. Nikawa nakula mezani. Na ile asubuhi shemeji anapita na gunia, niliposikia kwenye kona wanamwita Chaja, kuna kitu ndani yangu kilikaa sawa. Nilisema moyoni, na wewe ubebe la kwako. Sijui niite nini kitu hicho. Alinifundisha kuandika lakini neno la hapo hakunipa.

Kikaoni ningeweza kusema. Pale langoni ningeweza kusema, hapakuwa na mtu. Ilikuwa neno moja.

Kaka sitamwambia. Nikiwa mbele yake maneno hayatoki, na hili ndilo la mwisho litakalotoka. Wazee hawanisikilizi. Kwa hiyo nimekuletea wewe, kwa sababu wewe ukisema, kaka husikiliza, na wazee husikiliza, umethibitisha juzijuzi tu kwa ule ujumbe wa sauti. Ukisema mtoto arudi kwa mama yake, atarudi, na mama yake atasafishwa jina.

Najua pia kwamba umesubiri mtoto miaka kumi na moja. Kaka aliniambia umeshanunua kitanda kidogo, na mumeo amepaka chumba rangi. Najua sasa hivi pengine amelala na kidole chake kipo sikioni mwako. Mimi sikuichelewesha hii barua kwa bahati mbaya. Ningeweza kuituma wiki iliyopita kwa posta, ikufikie kabla yake. Nilitaka uisome ukiwa umeshamshika.

Ukisema, habari zitanifikia kwa wazee na nitaondoka hapa kabla kaka hajarudi, nitajua pa kwenda. Ukinyamaza, dada, mimi sitakulaumu hata siku moja. Siku ya kwanza ndiyo nzito. Ya pili unakuta unakula.

Msalimie sana mumeo, umwambie ajifunike kifua asubuhi. Majirani wanaokukumbuka wote wanakusalimia. Usinijibu kwa simu maana simu anaishika kaka, na barua usiitupe kwenye taka, ichome. Mgongo upakae mafuta ya moto kabla ya kulala.

Nilikuwa nimesahau jambo moja la mtoto. Usiku huwa anaamka, anaita mama. Usiwashe taa wala usimbembeleze. Itika tu. Mimi nimemwitikia siku zote hizi tisa, na analala.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
uani, nyuma ya sola.